Kamyo iliyoshuka mteremko: ubishi wa wenye hisa wa Nikola



Siku chache zilizopita tuliitwa na kikundi cha akiba katika parokia moja ya huku kwetu. Ni AVEC kama zile mnazozijua: wanachama wanaleta akiba yao kila juma, kisanduku kina kufuli tatu, na mwisho wa mwaka watu wanagawana. Kijana mmoja, msomi na mtu wa kuaminika, alileta wazo kwamba mwaka huu sehemu ya fedha isigawanywe, bali inunue hisa za kampuni moja ya teknolojia ya Marekani kwa njia ya simu. Kampuni hiyo inasema itatengeneza kompyuta za aina ambayo dunia haijaona. Kikundi kikagawanyika. Wengine walisema ni uongo mtupu, wengine wakasema mashaka ndiyo yanayotuacha nyuma siku zote. Mama anayeshika daftari alitugeukia akasema: "Mchungaji, nani kati yetu ana haki?"

Hatukumjibu siku ile. Sisi si watu wa bursa, na shuleni tulisoma Kigiriki na Kiebrania, si mambo ya hisa. Lakini ubishi wa namna hii umekwisha kutokea mahali pengine kati ya watu wenye fedha nyingi kuliko sisi, na mmoja wao ulifika mwisho wake mahakamani, mashahidi wakasikilizwa. Ni ule wa kampuni ya Nikola. Tuliusoma kwa utulivu, na hapa tunaueleza kwa ajili ya kikundi kile na vingine vinavyoulizwa maswali hayohayo.

Kwanza, hisa ni nini? Wale wa Kifaransa wanaiita aksio. Tuseme watu 10 wanachanga dola 100 kila mmoja, wananunua mashini ya kusaga muhogo ya dola 1,000. Kila mmoja ana sehemu moja ya kumi ya mashini na ya faida yake. Sehemu hiyo ndiyo hisa. Mmoja akitaka kutoka, anaweza kuuza sehemu yake. Ikiwa watu wanaona mashini inasaga usiku na mchana, atapata mnunuzi kwa dola 150, pengine 200. Ikiwa mashini inalala, hata 60 hapati. Basi bei ya hisa haipimi unga uliokwisha kusagwa peke yake. Inapima hasa yale watu wanayotazamia kesho.

Sasa fikirini watu wanauziana hisa za mashini ambayo haijafika bado. Imechorwa kwenye karatasi, mwenyewe anasema iko njiani, na anaieleza vizuri sana. Wasikilizaji wananunua kwa 100, wengine wanasikia wananunua kwa 300, wengine kwa 800. Hakuna aliyeona unga. Hapo ndipo ubishi unapozaliwa, maana kitu pekee cha kubishania ni neno la yule msemaji: je, tumwamini?

Nikola ilianzishwa Marekani na mtu aitwaye Trevor Milton. Jina lilichukuliwa kwa mvumbuzi wa umeme Nikola Tesla. Kampuni nyingine iliyokuwa mashuhuri ilikuwa imekwisha kuchukua jina lake la pili, hivyo hawa wakachukua la kwanza. Ahadi yao ilikuwa kamyo kubwa zisizotumia mazutu. Zingetumia hidrojeni, hewa inayohifadhiwa kwenye tangi kwa nguvu nyingi. Ndani ya chombo maalumu inakutana na oksijeni, umeme unatoka, na badala ya moshi yanatoka maji. Elimu hiyo ni ya kweli. Toyota ilianza kuuza gari dogo la hidrojeni tangu mwaka 2014. Tunalisema hili mapema kwa sababu wengi wanafikiri ahadi ya uongo lazima isimame juu ya kitu kisichowezekana. Mara nyingi sivyo: uongo unajenga nyumba yake karibu kabisa na ukweli.

Mwezi wa 6 mwaka 2020 Nikola iliingia katika soko la hisa la Nasdaq. Haikupitia njia ndefu ya kawaida. Iliungana na kampuni tupu iliyokuwa tayari ndani ya soko, kampuni isiyotengeneza kitu, ambayo kazi yake ilikuwa kushika fedha na kutafuta mwenzake wa kuungana naye. Ulikuwa wakati wa korona. Watu wa Marekani walikaa nyumbani, na simu zilikuwa na programu za kununua hisa bila kulipa ada. Wengi waliingia sokoni kwa mara ya kwanza katika maisha yao. Milton alizungumza nao moja kwa moja kila siku, katika televisheni na katika mtandao wa Twitter.

Tarehe 9 ya mwezi huo hisa moja ilifunga siku karibu na dola 80. Kwa muda mfupi kampuni nzima ikahesabiwa kuwa na thamani kuliko Ford, ambayo imetengeneza magari kwa zaidi ya miaka 100. Nikola yenyewe ilikuwa haijauza hata kamyo moja. Katika miezi mitatu iliyoishia mwezi huohuo wa 6, mapato yake yote yalikuwa dola 36,000, na fedha hizo zilitoka katika kazi ya kufunga vibao vya umeme wa jua. Mteja wa kazi hiyo alikuwa Trevor Milton mwenyewe. Habari hii haikufichwa. Iliandikwa katika ripoti ya kampuni na mtu yeyote aliweza kuisoma.

Hapo wenye hisa wakagawanyika kama kikundi chetu. Wale waliosadiki walikuwa na hoja, na si vizuri kuwacheka. Walisema: hata Tesla ilichekwa, waliosema itakufa walipoteza mabilioni ya dola. Walisema: kuna oda za kamyo zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 10. Na tarehe 8 mwezi wa 9 walipata hoja kubwa kuliko zote: General Motors, mzee wa viwanda vya magari, ilitangaza kwamba itachukua asilimia 11 ya Nikola na kuisaidia kutengeneza. Bei ilipanda kwa zaidi ya theluthi moja siku hiyohiyo. Waliosadiki wakauliza: je, General Motors haina mafundi? Ingekubali kuungana na kitu cha bure?

Wenye mashaka walijibu kwamba oda zile hazikumfunga mtu, mteja aliweza kuzifuta bila kulipa chochote. Kuhusu Tesla walisema: wakati ule wa kuchekwa, magari yake yalikuwa barabarani, uliweza kuligusa, kulinunua, hata kulilalamikia. Na General Motors ilikuwa ilipwe kwa hisa za Nikola kwa kazi na ufundi wake, haikutoa sadaka ya fedha mkononi. Kwa hiyo jina kubwa halikuwa limeweka mali yake kubwa hatarini. Hoja hii ya mwisho tunaiona kuwa ya hekima sana. Mara ngapi tumekubali kitu kwa sababu tu mkubwa fulani amepiga picha nacho?

Siku mbili baadaye, tarehe 10, ilitoka taarifa ndefu ya kampuni ndogo ya uchunguzi iitwayo Hindenburg Research, ikisema Nikola imejengwa juu ya uongo mwingi. Na hapa lazima tueleze jambo ambalo liliwasha moto, maana hao wachunguzi hawakuwa watu wasio na faida. Walikuwa wameuza hisa za kuazima.

Kuuza kwa kuazima ni hivi. Wakati wa uhaba, gunia la maharagwe linauzwa dola 90. Wewe huna gunia, lakini unaamini mavuno yanakuja na bei itashuka. Unaazima gunia kwa jirani, unaliuza leo kwa 90, na kuahidi kumrudishia gunia lake. Mavuno yanafika, bei ni 50. Unanunua gunia, unamrudishia jirani, na 40 inabaki mfukoni mwako. Lakini mvua ikiharibu mavuno na gunia likapanda hadi 140, ni juu yako kulitafuta na kulirudisha kwa hasara. Basi anayeuza kwa kuazima anafurahia bei ikianguka. Wapo waliotumia nafasi hiyo kueneza uvumi wa uongo.

Waliosadiki walikamata jambo hilo kwa mikono miwili. "Hao wanatafuta fedha," walisema. Na ilikuwa kweli. Lakini angalieni: Milton naye alikuwa na mamilioni ya hisa. Kila mwenye hisa aliyeitetea kampuni alikuwa na faida ikiwa mwingine atanunua. Katika soko la namna hii karibu kila shahidi ana mfuko wake ndani ya kesi. Ukimfukuza shahidi kwa sababu ana faida, ufukuze wote, na utabaki bila mtu. Kwa hiyo swali la nani anapata faida lilikuwa na maana, ila halikuweza kumaliza neno.

Neno lilimalizwa na barabara.

Mwezi wa kwanza mwaka 2018 Nikola ilitoa video fupi. Kamyo yake nyeupe, nzuri, inapita kwa kasi katika nchi kavu isiyo na miti. Kila aliyeona alisema: basi inatembea. Wachunguzi waliitafuta barabara hiyo wakaipata katika jimbo la Utah. Si tambarare kama picha inavyoonyesha. Ni mteremko mrefu, wa pole. Wakapeleka gari la kawaida huko juu, wakaliacha lishuke bila vitesi, nalo likaenda kwa kasi kubwa bila mtu kukanyaga kitu. Kamyo ya Nikola ilikuwa imevutwa hadi juu, ikaachiliwa.

Dereva yeyote aliyeshuka Ngomo kuelekea Kamanyola hahitaji maelezo zaidi. Huko chuma chochote chenye magurudumu kinatembea. Kazi ni kukisimamisha.

Tarehe 14 kampuni ilijibu, na jibu lake limetushughulisha kuliko mambo mengine yote ya habari hii. Haikukana mteremko. Ilisema kwamba katika video haikutamka popote kuwa kamyo inajiendesha kwa nguvu yake yenyewe. Maneno iliyotumia wakati ule yalikuwa kwamba kamyo iko katika mwendo. Na kweli ilikuwa katika mwendo! Ukichukua neno moja moja, hakuna uongo. Lakini maneno yale yalichaguliwa ili msikilizaji ajidanganye mwenyewe, halafu akilalamika aambiwe: sisi hatukusema. Sisi tunaosimama madhabahuni tunajua jaribu hilo, tusijifanye hatulijui. Unaweza kusema maneno sahihi na watu wakaenda nyumbani na jambo lisilo kweli, nawe ukalala usingizi.

Wiki moja baada ya jibu hilo Milton alikuwa amekwisha kuondoka katika uongozi. Mwisho wa mwezi wa 11 General Motors iliachana na mpango wa kuchukua sehemu ya kampuni. Mwezi wa 12 mwaka 2021 Nikola ilikubali kulipa dola milioni 125 kwa tume ya serikali inayosimamia soko la hisa. Milton mwenyewe alishitakiwa mjini New York, na mwezi wa 10 mwaka 2022 jopo la raia lilimwona na hatia ya udanganyifu. Mashitaka yalionyesha kwamba video haikuwa peke yake. Kamyo ya kwanza iliyoonyeshwa kwa sherehe mwaka 2016 haikuweza kujiendesha. Hidrojeni ya bei nafuu iliyosemwa kwamba inazalishwa ilikuwa haijazalishwa hata kidogo. Waendesha mashitaka walisema alielekeza maneno yake kwa watu wadogo wasio na uzoefu, na kwamba baadhi yao walipoteza makumi ya maelfu ya dola, hata mamia ya maelfu: wengine akiba ya uzee, wengine fedha walizokopa. Mwezi wa 12 mwaka 2023 alihukumiwa miaka minne jela. Alikata rufaa akiwa nje, na mwezi wa 3 mwaka 2025 Rais Donald Trump alimpa msamaha.

Tusiache upande mwingine. Baada ya Milton kuondoka, mafundi waliobaki walifanya kazi. Kamyo za betri zilianza kuwafikia wateja mwisho wa mwaka 2021, na za hidrojeni miaka miwili baadaye. Kwa hiyo waliosema hakuna kamyo itakayotoka kamwe, nao walikosea. Lakini betri zilileta moto mwaka 2023, kamyo zikarudishwa kiwandani, fedha zikakauka. Tarehe 19 mwezi wa 2 mwaka 2025 Nikola iliomba mahakama ilinzi ya kufilisika. Kampuni nyingine ya magari ya umeme, Lucid, ilichukua majengo yake ya Arizona pamoja na kiwanda.

Kampuni ikifilisika watu wanasimama kwa mstari. Mbele ni gharama za mahakama na wale walioikopesha kwa dhamana. Halafu wanafuata wafanyakazi na serikali, halafu wauzaji wa vifaa ambao hawajalipwa. Mwenye hisa yuko nyuma kabisa, na mara nyingi sahani inamfikia ikiwa tupu. Jambo hili vijana wetu wengi hawajaambiwa. Wanafikiri hisa ni kama deni, kwamba mambo yakiharibika watadai chao. Hapana. Mwenye hisa ni mwenye nyumba, na nyumba ikiungua hasara ni yake.

Kuna neno lingine lililotusumbua tulipokuwa tukisoma ubishi ule. Walionunua waliitwa wenye imani. Waliouliza waliitwa maadui, watu wenye roho ya kuvunja. Lugha hiyo ni yetu, imetoka kanisani, na sokoni inafanya kazi isiyo yake. Tomaso alitaka kuona alama za misumari, akaonyeshwa. Waberoya walichunguza Maandiko kila siku ili kujua kama Paulo alisema kweli, na wanasifiwa kwa hilo. Ikiwa mtume alipimwa, mwenye kampuni ya kamyo ni nani hata asipimwe? Wazee wetu wanaokumbuka Bindo mwaka 1991, wakati watu wa Kinshasa walipopeleka fedha zao wakitumaini zirudi zimezaa maradufu, wanajua jinsi anayeuliza anavyoonekana mchawi hadi siku ile mlango unapofungwa. Hisa za soko si Bindo, tusichanganye. Hisa ina kampuni nyuma yake, ripoti na sheria. Lakini namna ya kumnyamazisha mwenye swali inafanana.

Tulirudi kwa kikundi kile. Hatukusema kampuni ya kijana ni ya uongo, maana hatuna ushahidi wa kusema hivyo, na kumchafulia mtu jina pia ni dhambi. Tulimwomba kijana mambo matatu. Atuletee ripoti ya mwisho ya kampuni yenyewe, si video, atuonyeshe fedha zilizoingia zilitoka kwa nani na kwa kazi gani. Atuambie ni mtu gani asiye na hisa zake aliyekitumia kile chombo na kukiona kinafanya kazi bila kusukumwa. Na aandike kwa mkono wake ni jambo gani likitokea atakubali kwamba alikosea na kuuza. Tuliwaomba vilevile waliompinga waandike ni kitu gani wakikionyeshwa wataacha kupinga. Hapo kelele ilipungua sana. Wawili walicheka, mmoja alikasirika.

Tuliongeza jambo moja ambalo halina ubishi kwetu. Fedha ya kisanduku ni ada ya shule, ni dawa, ni mbegu za msimu ujao. Mtu akitaka kununua hisa, anunue kwa fedha yake mwenyewe, ile ambayo ikipotea yote watoto wake watakula jioni hiyo. Mama anayeshika daftari aliandika hilo katika kanuni za kikundi, wakatia sahihi wote, na kijana naye.

Jumatano alikuja nyumbani na karatasi zake. Swali la kwanza alikuwa amelijibu vizuri, kurasa tatu, hata sisi tulijifunza. La tatu alikuwa ameandika mstari mmoja, kisha ameukata. La pili bado anatafuta.